Fundi kavaa helmeti, kavaa mkanda, na bado kaanguka kafa. Tatizo hasa liko wapi?

#1 Boriti
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua muda mrefu. Ajali ikitokea saiti, swali la kwanza ni "alikuwa amevaa nini?" Akikutwa hana helmeti, kesi imeisha, kajitakia. Akikutwa anayo, kila mtu anabaki mdomo wazi.

Msimamo wangu ni kwamba tunaanzia mwishoni. Helmeti, buti na mkanda ni kinga ya mwisho, pale kila kitu kingine kimeshindikana. Hata Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya kwenye ujenzi, unasema hivyo kwenye kifungu cha 30: vifaa vya kujikinga vitolewe pale ambapo usalama haupatikani kwa njia nyingine, na mwajiri avitoe bila kumtoza mfanyakazi. Saiti nyingi nilizopita vifaa hivyo ndiyo kinga ya kwanza na ya pekee, na kibarua anakatwa hela yake juu.

ILO wamewahi kukadiria kwamba watu wasiopungua 60,000 hufa kila mwaka kwenye maeneo ya ujenzi duniani. Hawa wote hawawezi kuwa wazembe. Mliokaa saiti, tatizo liko kwa nani? Fundi, msimamizi, mkandarasi, mchoraji au mwenye pesa?

#2 KofiaNyekundu
Naanza mimi: fundi. Nimesimamia watu muda mrefu. Unampa mtu mkanda asubuhi, anasaini, ukirudi baadaye unakuta mkanda umening'inizwa kwenye nondo na mwenyewe yuko ukingoni anapiga soga. Unamwambia avae, anakwambia yeye alianza ujenzi kabla yako.

Na si maneno yangu peke yangu. Mmarekani mmoja, Heinrich, aliandika mwaka 1931 kwamba asilimia 88 ya ajali za kazini zinatokana na matendo ya watu wenyewe. Tuelimishe watu, na asiyesikia aondoke saiti.

#3 SaidiaFundi
Mkuu KofiaNyekundu, uliwahi kumuuliza kwa nini kauvua?

Nakwambia mimi niliyeuvaa. Mkanda tulipewa, pa kuufunga hapakuwepo. Unazunguka na ndoano mkononi unatafuta pa kushika: mirunda inacheza, nondo za kuanzia nguzo zimesimama tu, ukuta wenyewe umejengwa jana. Unaishia kujifunga kwenye jukwaa lilelile ambalo likidondoka linakwenda na wewe. Helmeti haina kamba ya kidevuni, ukiinama kufunga nondo inatangulia chini. Miwani inaingia mvuke, huoni unachokata.

Halafu tulilipwa kwa kipimo, mita ya ukuta hela kadhaa. Kila dakika unayohamisha ndoano ni tofali ambalo hujajenga. Aliyepanga malipo hayo ndiye aliyeuvua huo mkanda.

#4 ZegeMbichi
Kuhusu Heinrich wa #2. Yule bwana alifanya kazi kampuni ya bima. Sehemu kubwa ya alichochambua ni taarifa za ajali zilizoandikwa na wasimamizi. Sasa msimamizi ataandika nini? "Jukwaa nililoruhusu lilikuwa bovu"? Ataandika fundi hakuwa makini. Wataalamu wa baadaye wameikosoa sana hiyo 88, na mafaili yenyewe aliyotumia hayapatikani ili mtu ahakiki.

#5 KofiaNyekundu
Sawa, ila mafaili kupotea hakumfanyi mtu anayetembea juu ya boriti bila mkanda awe salama.

#6 MamaSaiti
Jamani, mimi ni injinia. Kuhusu mkanda kuna hesabu ambayo saiti nyingi haifanywi, na inajibu kichwa cha uzi moja kwa moja.

Chukua kamba ya kawaida ya mita 2. Ukianguka, kwanza unashuka urefu wa kamba. Kisha kile kipunguza mshtuko kilicho kwenye kamba kinafunguka na kurefuka, zaidi ya mita 1. Ongeza umbali wa kutoka mgongoni kamba inapofungwa hadi nyayo, kama mita 1 na nusu. Bakiza nafasi kidogo ili usiguse chini. Jumla unakaribia mita 6 kuanzia pale ulipofunga kwenda chini, na hapo umefunga usawa wa mabega. Ukifunga usawa wa miguu hali ni mbaya zaidi.

Ghorofa moja ina mita ngapi? Kama 3. Kwa hiyo fundi aliye slabu ya kwanza, mkanda mgongoni, kamba ndefu nyuma yake, atafika chini kabla kamba haijamsimamisha. Amevaa vizuri, amefunga vizuri, na hajakingwa. Pale panatakiwa kizuizi cha ukingoni, au kamba fupi inayomzuia kabisa asifike kwenye ukingo.

Na hata kamba ikimshika, nani anamshusha? Mtu akining'inia bila kusogea damu inajikusanya miguuni, anaweza kuzimia na hata kufa huku ananing'inia. Kusubiri waokoaji kutoka mbali si mpango. Kabla mtu hajapanda lazima ijulikane nani atamfikia, kwa ngazi gani.

#7 Grainda
Hiyo hesabu ya #6 sijawahi kuisikia saiti hata siku moja. Asante mama.

#8 Winchi
Ndiyo maana mimi ni mtu wa nyavu. Daraja la Golden Gate kule San Francisco walitandaza wavu chini ya daraja lote miaka ya 1930, na hakufa mtu. Wavu haumuulizi fundi kama amekumbuka kuuvaa.

#9 ZegeMbichi
Winchi, walikufa. Wavu uliokoa watu 19, hilo ni kweli. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito liling'oka likadondokea wavuni, likauchana na kushuka nao majini. Siku hiyo walikufa watu 10. Kabla yake alikuwa amekufa mmoja, hivyo jumla ni 11.

Hoja yako ya nyavu naikubali. Ila wavu umepimwa kwa uzito wa mtu, haukupimwa kwa uzito wa jukwaa. Nani alikagua vishikizo vya lile jukwaa?

#10 Winchi
Watu 19 waliorudi nyumbani. Mimi hiyo inanitosha.

#11 Mtaro
Mbona mnaongelea juu tu? Chini nako kunaua.

Sisi tulichimba mtaro wa bomba, kina kama kifua cha mtu kuzidi kidogo. Udongo umekaa vizuri, umesimama wima kama umekatwa kwa kisu, kila mtu anausifu. Ule uliotolewa tukaurundika palepale ukingoni maana hapakuwa na nafasi. Usiku kukanyesha kidogo. Asubuhi mwenzetu kashuka kusawazisha mchanga wa kulazia bomba. Hatukusikia kishindo chochote. Ukuta wa upande mmoja uliinama taratibu ukamlalia mpaka mabegani. Kichwa kilikuwa nje. Alikuwa anatuangalia na kutuita, halafu sauti ikakata. Tulimfukua kwa mikono na makoleo. Hakupona.

Nilichojifunza baadaye: mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani 1 na nusu, ukiwa na maji unaweza kukaribia 2. Ukikubana kifua, kila ukitoa pumzi unazidi kushuka, na kuivuta tena huwezi, hata kama pua iko nje. Helmeti alikuwa nayo, buti pia.

#12 MamaSaiti
Pole sana Mtaro.

Kwa faida ya wasomaji: Marekani sheria inataka mtaro wa mita 1 na nusu kwenda chini uwe na kinga, ama kuta zilazwe, ama zishikiliwe kwa mbao na jeki, ama liwekwe boksi la chuma. Udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Na mtaro wa namba hiyo ya Mtaro, wa kina cha kifua, unaua pia. Mtu akiinama ndani yake amezama wote. Baada ya mvua hashuki mtu mpaka ukaguliwe upya.

#13 Boriti
Ona sasa. Kwa kesi ya Mtaro, fundi angefanya nini tofauti? Nafasi ya kuweka udongo iliamuliwa na aliyepanga saiti.

#14 KofiaNyekundu
Msimamizi wa zamu angeweza kuwazuia asubuhi ile. Msimamizi ni mtu pia, na uzembe wa mtu ndio ninaousema tangu #2.

#15 Pumzi
Habari za humu. Mimi ni nesi wa afya ya kazini. Uzi mzima mnahesabu waliokufa siku hiyohiyo. Ninaowapokea mimi wanakuja miaka mingi baadaye. Amekaa kitandani ameshika magoti, anapumua kwa mabega, na ukimuuliza kazi yake anasema "nilikata mawe".

Vumbi la zege, mawe, vigae na matofali lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Punje zinazoua ni zile usizoziona, zinapita puani mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na kuacha makovu ambayo hayaondoki. Hakuna dawa ya kuyafuta. Pia mgonjwa huyo anakuwa rahisi kupata kifua kikuu, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka silika kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1997.

Haya yalijulikana zamani. Handaki la Hawks Nest kule West Virginia, Marekani, lilichimbwa kuanzia mwaka 1930 kupitia mwamba uliojaa silika, kwa ukavu, bila maji. Mamia ya vibarua walikufa kwa mapafu, wengi wao watu weusi waliotoka mbali kutafuta kazi.

#16 Grainda
Dada Pumzi, unataka tulale macho leo. Mimi nakata vigae kila siku, najifunga fulana puani, natema makohozi meusi jioni, kesho nipo kazini. Jina langu humu si la bure.

#17 Pumzi
Kaka Grainda, fulana inazuia punje kubwa, zile ambazo pua yako ingezizuia yenyewe. Ndogo zinapita kwenye nyuzi. Na unachotema ni kile kilichokubali kutoka.

Fungulia maji kwenye jiwe la kukatia. Maji yakilowesha vumbi pale linapozaliwa, haliruki kwenda popote. Kama mashine yako ni ya kukata kavu, ipo mifuniko inayounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Usikatie kwenye ngazi za ndani au chumba kilichofungwa. Usifagie kavu. Barakoa nzuri, inayokaza usoni bila kuacha upenyo, inakuja baada ya hayo. Marekani kiwango cha juu ni miligramu 0.05 za silika kwa mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Kukata kavu ndani ya chumba unakipita haraka sana.

Na kama una kikohozi kisichoisha, nenda kapigwe picha ya kifua na uwaambie kazi yako. Madaktari wengi hawaulizi.

#18 Grainda
Nitakwenda. Ila maji na umeme kwenye mashine moja, si ndiyo kifo kingine?

#19 MamaSaiti
Ni swali la msingi. Tumia mashine iliyotengenezwa kukata na maji, waya usiwe na viraka, na umeme upitie swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Grainda ya kawaida ya mkononi usiimwagie maji. Fundi umeme wa saiti akiwa hana hiyo swichi, hiyo kazi isianze.

#20 SaidiaFundi
Kabla hatujahama kwenye afya, saruji. Siku ya kumwaga zege nilipiga magoti kwenye zege bichi kusawazisha, suruali ikalowa. Sikusikia maumivu. Jioni navua suruali, ngozi ya magoti imetoka nayo, nyeupe, laini, kama imechemshwa. Mpaka leo magoti yana makovu.

#21 Pumzi
Zege bichi lina ukali wa kuchoma kama magadi makali, pH yake ni 12 na zaidi. Linachoma taratibu bila kuuma mwanzoni, ndiyo maana watu wanaendelea kufanya kazi. Likiingia kwenye buti au glavu ni hatari zaidi, maana linabaki limegandamizwa kwenye ngozi. Vua nguo hapohapo, osha kwa maji mengi yanayotiririka si chini ya dakika 20.

Kuna na mzio. Saruji ina kromiamu ya aina inayoharibu ngozi, na mtu akishaupata mzio huo mara nyingi ndiyo mwisho wake na ufundi. Ulaya tangu mwaka 2005 saruji haitakiwi kuuzwa ikiwa na zaidi ya sehemu 2 za kromiamu hiyo kwa milioni. Wanaipunguza kiwandani kwa kuongeza chumvi ya chuma. Hapo fundi hakufundishwa chochote wala hakuvaa chochote, na kaokolewa.

#22 Boriti
Mstari wa mwisho wa #21 ndio uzi wangu wote.

#23 JuaKali_Mchana
Msisahau joto. Wengi tunadhani mgeni kijana mwenye nguvu ndiye wa kubebeshwa siku ya kwanza. Wanaokufa kwa joto kazini wengi wako kwenye siku zao za mwanzo, mwili haujazoea. Wataalamu wa Marekani wanashauri mgeni afanye kama asilimia 20 ya muda wa kazi kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe kidogokidogo kila siku. Maji glasi kila baada ya dakika 15 au 20, na kivuli cha kupumzikia. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, mmwagieni maji mwili mzima palepale wakati mnaita msaada. Msimpeleke kulala tu.

#24 Grainda
Glasi kila dakika 20, na choo kiko wapi?

#25 MamaSaiti
Asante kwa kulitaja. Saiti niliyoanzia kazi hakikuwepo choo cha wanawake. Tulikuwa wachache, hatukunywa maji kutwa nzima ili tusihitaji. Matokeo yake ni maradhi ya mkojo na kizunguzungu juu ya jukwaa. Kifungu cha 32 cha mkataba ule wa #1 kinataka maji safi ya kunywa, mahali pa kunawa, pa kubadilishia nguo na pa kulia, na vyoo tofauti kwa wanaume na wanawake. Mikanda nayo imekatwa kwa mwili wa mwanaume mkubwa. Ikimpwaya mtu, anaweza kuchomoka nayo.

#26 Pima_Maji
Mnautaja sana huo mkataba. Unabana nchi iliyouridhia tu. Kwingine ni karatasi.

#27 ZegeMbichi
Nusu ni kweli. Huo wa 167, ndiyo. Lakini Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO uliingiza mazingira salama na yenye afya kwenye haki za msingi za kazini, na mikataba namba 155 na 187, ya usalama na afya kazini, ikawa ya msingi. Nchi zote wanachama zinatakiwa kuheshimu kanuni hiyo hata kama hazijaridhia.

#28 SaidiaFundi
Kuheshimu. Kibarua wa kutwa akikataa kupanda, kesho yake jina lake halisomwi getini. Kifungu cha 12 cha ule wa 167 kinampa haki ya kujiondoa kwenye hatari iliyo karibu, nimekisoma. Ila nyuma ya mkandarasi mkuu kuna mkandarasi mdogo, nyuma yake kuna mwenye gengi. Ukiuliza mwajiri wako ni nani, kila mmoja anaonyesha mwenzake.

#29 Mchoraji
Kifungu cha 8 kinambebesha mkandarasi mkuu jukumu la kuratibu usalama wa wote walio saiti. Na cha 9 kinatugusa sisi wachoraji: anayesanifu na kupanga lazima afikirie usalama wa wajenzi.

Nakiri hadharani kwamba fani yetu inakwepa hili. Ukichora ukuta wa ukingo wa paa wenye mita 1.1, umemkinga fundi wa leo, na umemkinga atakayepanda kuziba uvujaji baada ya miaka 20. Ukichora madirisha yanayosafishika kutoka ndani, hakuna mtu atakayening'inia nje. Uingereza walitunga kanuni mwaka 1994 zilizowaingiza wasanifu na wateja kwenye wajibu huo. Hifadhi ya Olimpiki ya London 2012 ilijengwa bila mfanyakazi hata mmoja kufa.

#30 KofiaNyekundu
Mradi wa serikali tajiri, macho ya dunia nzima yako pale. Nileteeni mfano wa nyumba ya mtu binafsi yenye mafundi wanne.

#31 Mchoraji
Ukuta wa ukingo hauhitaji serikali tajiri. Unahitaji mstari kwenye mchoro.

#32 Boriti
Mimi narudi kwenye muda. Willow Island, West Virginia, tarehe 27 Aprili 1978. Mnara wa kupoozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa halikusimama ardhini, lilishikiliwa na zege la mnara wenyewe, na lilipandishwa kila zege jipya lilipomwagwa. Siku hiyo zege la jana yake lilikuwa halijapata nguvu ya kubeba. Likabomoka, jukwaa lote likashuka. Watu 51. Nani katika hao 51 angeokolewa na semina ya asubuhi? Zege linahitaji siku zake, na aliyeandika ratiba ndiye aliyezinyima.

#33 Winchi
Hapo Boriti umenigusa. Kufumua mbao za slabu mapema ni jambo la kila siku. Mwenye jengo anapiga simu, mkandarasi anataka mbao aende nazo saiti nyingine.

#34 KofiaNyekundu
Lakini kuna mtu aliyekuwa na wajibu wa kupima nguvu ya zege kabla ya kupandisha. Tunarudi kwa mtu. Mnaweza kubadili mikataba yote, mtu huyo akiamua kutopima imekula kwetu.

#35 Pima_Maji
Au alipima akanyamaza. Saiti moja tulikuwa na ubao getini: siku kadhaa bila ajali, zikifika idadi fulani kila mtu anapata bonasi. Jamaa kakatwa kidole akakifunga kitambaa na kukaa kimya mpaka mkono ukaoza, maana akisema wenzake wote wanakosa hela. Ubao ulizidi kupendeza. Ule mpango ulinunua ukimya.

#36 ZegeMbichi
Pima_Maji, hiyo ni sababu ya sita au ya saba kwenye uzi huu. Malipo ya kipimo, ukandarasi wa ngazi ngazi, ratiba, michoro, woga wa kufukuzwa, bonasi, na fundi wa KofiaNyekundu.

#37 KofiaNyekundu
Fundi wangu bado yupo ukingoni bila mkanda, msimsahau.

#38 MgeniSaiti
Wakubwa shikamooni. Jumatatu naanza kazi kwenye jukwaa lililofungwa na watu wengine. Niangalie nini kabla ya kupanda?

#39 Winchi
Marahaba. Anza chini. Kila mguu ukae juu ya kitako cha chuma na ubao mpana, usikae juu ya tofali wala jiwe. Angalia vyuma vya mshazari vipo na jukwaa limefungwa ukutani. Mbao zijae upana wote, zisiwe na nyufa, wala fundo kubwa karibu na katikati, zisitokeze ncha ya kukanyagia ikapinduka. Ukingoni kuwe na vizuizi viwili, cha kiunoni na cha katikati, na ubao wa chini wa kuzuia nyundo isimdondokee mtu. Ngazi ilale kwa kipimo cha 4 kwenda juu kwa 1 kwenda nje, ipite sakafu ya jukwaa kama mita 1, ifungwe juu. Ukikuta kibao kinachoonyesha limekaguliwa, soma tarehe. Mvua kubwa au upepo mkali ukipita, ukaguzi ule umekufa.

#40 MgeniSaiti
Asante. Na nikikuta mguu umekaa juu ya tofali, nimwambie nani?

#41 KofiaNyekundu
Msimamizi wako. Ni kazi yake, na akipuuza ni kosa lake.

#42 SaidiaFundi
Siku ya kwanza usiende peke yako. Tafuta fundi wa siku nyingi pale, mwonyeshe, mwende wawili au watatu, na msiondoke mpaka aliyelifunga jukwaa aje alirekebishe mbele yenu.

#43 MamaSaiti
Piga na picha ya huo mguu kabla hamjaenda.